Kupima Woga Bila Kuogofya

Mpaka mwaka 2003, kima mwenye mwili wa karibu sentimita 90, mkia unaouzidi mwili kwa urefu, na kishungi cha nywele kilichosimama utosini, alikuwa akiishi kwenye msitu wa Mlima Rungwe bila kuwamo katika kitabu chochote cha sayansi. Sisi wa Suma, watu wa migomba na chai, tuko naye wilaya moja. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina lake, kipunji. Lakini hadithi za wawindaji zina wanyama wa kweli na wa kubuni, na watafiti waliozisikia hawakuweza kuamua huyu wamweke upande upi mpaka walipomwona sawasawa mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 2004 timu nyingine, bila kujua habari za hii ya kwanza, ikamkuta kwenye msitu wa Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Mei 2005 jarida la Science likamtangaza kwa dunia, na kati ya waliotia majina yao kwenye tangazo hilo walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Kilichomficha kipunji miaka yote hiyo ni woga wake. Anaishi juu ya miti, huku kwetu kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,750 na 2,450, mahali pa miteremko mikali, utelezi na ukungu. Amewindwa vya kutosha kujua kwamba kiumbe atembeaye kwa miguu miwili chini ya mti ni wa kukimbiwa. Ukikanyaga kijiti kikavu, unaambulia matawi yanayotikisika. Kwa hiyo aliyetaka kumjua kipunji ilimbidi kwanza aujue woga wake: umetoka wapi, anaukumbuka kwa muda gani, na unaweza kupunguzwa kwa njia ipi. Hayo ndiyo maswali ambayo wanasayansi wa ubongo na tabia wameyauliza maabarani kwa zaidi ya miaka 100, kwa mbwa, panya na konokono wa baharini. Afrika Mashariki imewapa uwanja wa kuyauliza kwa wanyama walio huru, na katika uwanja huo umezaliwa ufundi ambao naustahi kuliko fani nyingi zenye sifa kubwa.

Ugumu wake uko hapa. Anayepima joto la uji hamtishi uji. Anayechunguza woga, yeye mwenyewe ni kitu cha kuogopwa. Akisogea, anachokipima kimeshabadilika. Akikimbiza, anapima mbio. Inambidi ajiondoe kwenye kipimo chake huku akiwa amesimama palepale. Mafundi wa kazi hii wanatofautiana kwa zana na kwa nchi walizotoka, lakini wote wamejenga maisha yao ya kazi juu ya kujiondoa huko.

Tuanze na mlima. Kazi ya kuwazoesha kima huanza kabla ya mapambazuko, kwa sababu kundi lililolala kwenye mti fulani jioni utalikuta hapohapo jua likiwa halijachomoza. Mfuatiliaji hupanda gizani na koti la mvua, panga, darubini na daftari. Hausogelei mti wa malalo. Hukaa mbali, mahali anapoonekana wazi, maana kujificha ni tabia ya chui na ya mwindaji. Mnyama akimgundua mtu aliyejibanza, somo analolipata ni kwamba watu hujibanza. Huvaa nguo zenye rangi ileile siku zote ili ajulikane. Hawakazii macho, kwa kuwa katika jamii ya kima kukazia macho ni kutisha. Hanyooshi mkono wala fimbo, kwani mkono ulionyooshwa unafanana na silaha. Haonyeshi meno, hata akifurahi. Kima wakimtazama, yeye huinamisha uso, huchuma jani, hujikuna, hujifanya ana shughuli zake. Wakiondoka, hawafuati kwa haraka. Huwaacha waende, kisha huwatafuta tena kwa sauti zao na kwa maganda ya matunda yaliyodondoka.

Sikio linafanya kazi kubwa kuliko jicho. Kipunji ana mlio mzito wa chini, nusu honi nusu mbweko, ambao hakuna kima mwingine wa jirani anayeutoa, na ndio uliowasaidia watafiti kumtambua kuwa ni mnyama wa peke yake. Mfuatiliaji mzuri anausikia mlio huo kati ya kelele za mbega na ndege, anakadiria upande na umbali, na anajua kama ni wa kuitana au wa kushtuka. Mlio wa kushtuka ukitoka kwa sababu yake, anasimama. Anaweza kurudi nyuma hatua kadhaa na kukaa chini mpaka utulie. Siku hiyo pengine hatasogea tena.

Na anaandika. Saa ya kukutana, umbali, nani alimwona kwanza, na walifanya nini: walikimbia, walipiga ukelele, walitazama, au walipuuza. Mwanzoni safu nzima ya daftari ni ya kukimbia. Baada ya majuma mengi huingia ukelele, ambao kwa mfuatiliaji ni habari njema, maana anayepiga ukelele hajaondoka. Baadaye huja kutazama, na watoto wadogo ndio wanaotazama kwa muda mrefu kuliko wote. Mwishoni kabisa kuna safu ya kupuuza: kima dume anakula matunda juu ya kichwa cha mtu na haoni sababu ya kuinua uso. Hapo ndipo kazi ya sayansi huanza. Kwa njia hii ya kuwafuata bila kuwafukuza, watafiti wa Nyanda za Juu Kusini waliweza kuonyesha kwamba kipunji hula zaidi ya aina 100 za mimea, jambo ambalo hakuna ambaye angelijua kwa kuona matawi yanayotikisika.

Kulikuwa na njia fupi, na Tanzania iliijaribu mapema. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960, sokwe walimkimbia kwa miezi. Alikaa juu ya kilima akionekana, na dume aliyempa jina la David Greybeard ndiye aliyeanza kumvumilia. Baadaye kambi ilianza kuwapa sokwe ndizi, na sokwe wakajaa. Kule Mahale, kusini zaidi kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, Toshisada Nishida wa Japani alifika mwaka 1965 na kuwavuta sokwe kwa miwa. Chakula kilileta wanyama karibu upesi, lakini kilileta pia ugomvi na msongamano usio wa kawaida, na watafiti wakalazimika kujiuliza ni tabia ipi ya sokwe na ipi ya ndizi. Mnyama aliyehongwa bado anamtazama mchunguzi, ila sasa anatazama mkono wake. Ndiyo maana mafundi wa leo wanashika njia ndefu: wanataka kupuuzwa.

Kwa nini njia ndefu inafanya kazi? Jibu lilipatikana mbali sana na misitu, kwa mnyama asiye na hata ubongo mmoja uliokusanyika. Kuanzia miaka ya 1960, Eric Kandel huko Marekani alimchunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia, ambaye seli zake za neva ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukimgusa kwenye mrija wake wa maji, anakunja tamvua lake upesi kulikinga. Ukimgusa tena na tena kwa upole, anakunja kidogo, kisha kidogo zaidi, mpaka anaacha. Miguso 10 ya siku moja aliisahau mapema. Miguso hiyohiyo, 10 kwa siku kwa siku nne, aliikumbuka kwa majuma. Kandel na wenzake waliufuata ujuzi huo mpaka kwenye maungio ya seli, wakaona ujumbe unapungua nguvu pale neva moja inapozungumza na nyingine. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Mfuatiliaji wa mlimani anayekwenda kwa saa chache kila siku badala ya kuwakalia kima kutwa nzima mara moja anatii kanuni hiyo, awe ameisoma au la. Mnyama anahitaji muda kati ya somo na somo ili neva zake ziliweke. Somo la utulivu huzama kama rasharasha inavyozama kwenye udongo wa Rungwe, wakati mvua ya mkupuo inapita juu na kwenda mtoni.

Lakini konokono yule alifundisha na jambo la pili, la kuhuzunisha. Akipigwa shoti mkiani, mguso uleule mwepesi alioupuuza sasa unamfanya ajikunje kwa nguvu zote. Utulivu hujengwa kwa siku nyingi, na woga huingia kwa pigo moja. Waswahili walishasema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na maabara zimethibitisha pande zote mbili za methali hiyo: kwamba tukio moja latosha, na kwamba woga husambaa hadi kwa vitu vinavyofanana tu na kile kilichouma. Joseph LeDoux, mjini New York, alifuatilia kuanzia miaka ya 1980 jinsi sauti iliyofuatwa na shoti ya umeme inavyofika haraka kwenye amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo wa panya, na kumfanya agande. Saa ya mkononi ilitosha kupima: sekunde ngapi panya ameganda bila kusogeza chochote isipokuwa pumzi. Na kabla yake, Ivan Pavlov alikuwa amegundua kwamba itikio lililozimwa kwa mbwa hurudi lenyewe baada ya mapumziko. Mark Bouton wa Marekani alilifanyia kazi jambo hilo kwa miongo, akaonyesha kwamba woga uliozimwa haujafutwa. Juu yake limewekwa somo jipya la usalama, na somo hilo limefungwa na mahali lilipofundishwa. Mpeleke mnyama mahali pengine, na woga wa zamani unaamka. Kwa mtu wa msituni hii ina maana ya moja kwa moja: kundi linalompuuza kwenye bonde hili linaweza kumkimbia kwenye bonde la pili, na mgeni mmoja mwenye koti la rangi nyingine anaweza kurudisha safu ya kukimbia kwenye daftari.

Hadi hapa nimezungumza juu ya woga wa mnyama kwa mtu. Hatua ya juu ya ufundi ni kuuchunguza woga ambao hauhusiani na mtu kabisa, na mfano ulio mzuri kuliko yote uko Amboseli, upande wa pili wa mpaka wetu wa kaskazini. Thomas Struhsaker aliwachunguza tumbili wa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaripoti mwaka 1967 kwamba wana milio tofauti ya hatari kwa maadui tofauti. Wengi walisita. Pengine mlio ulionyesha tu kiasi cha hofu: hofu kubwa mlio mmoja, hofu ndogo mwingine. Dorothy Cheney na Robert Seyfarth, mume na mke, walikwenda Amboseli mwaka 1977 kulijibu swali hilo, wakishirikiana na Peter Marler.

Tazama walivyofanya. Kwanza waliwazoea tumbili mmoja mmoja, kwa sura na kwa sauti. Walirekodi milio pale adui halisi alipotokea. Kisha walificha spika kichakani, wakangoja. Sharti lilikuwa kwamba pasiwe na chui, tai wala nyoka karibu, tumbili wawe wametulia, na yule mwenye sauti iliyorekodiwa awe upande wa spika lakini asionekane, maana tumbili wanajuana na sauti ya mwenzao aliyeko mbele yao isingetoka nyuma. Sharti moja likikosekana, siku hiyo iliachwa ipite. Walipiga filamu kabla ya mlio na baada yake, ili kila jibu liwe na kipimo cha utulivu uliolitangulia.

Majibu yaliyotoka yanasisimua mpaka leo. Waliposikia mlio wa chui, tumbili waliokuwa chini walikimbilia mitini. Mlio wa tai uliwafanya watazame juu au wajitupe vichakani. Mlio wa nyoka uliwasimamisha kwa miguu ya nyuma wakichungulia majani. Hakukuwa na adui yeyote, kulikuwa na sauti tu, na kila sauti ilibeba habari yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Na watoto walikuwa wakijifunza: mtoto hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, hata kwa jani linaloanguka, na kadiri anavyokua anapunguza makosa. Akipatia, tumbili mzima naye hupiga mlio huohuo, na somo linakaa.

Jaribio lao la baadaye ndilo ninalolipenda zaidi. Walicheza tena na tena mlio wa onyo wa tumbili mmoja bila chochote kutokea. Wenzake wakaacha kumsikiliza. Lakini onyo la aina hiyo likitoka kwa tumbili mwingine, waliitika mara moja. Hawakuwa wamechoka kuogopa. Walikuwa wamekumbuka nani anadanganya. Fikiria ni uangalifu kiasi gani ulihitajika ili kitu hicho kionekane: sauti ya nani, mara ngapi, kwa nafasi gani, mbele ya nani. Kosa dogo la mchunguzi na tumbili wangejifunza kuhusu spika badala ya kujifunza kuhusu jirani yao.

Fundi wa tatu ni yule ambaye maisha yake ya kazi yanaunganisha maabara na nyika. Robert Sapolsky alifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1978, kijana wa miaka 21, akaanza kuwachunguza nyani wa eneo la Masai Mara. Kwa zaidi ya miaka 20 aligawa mwaka wake sehemu mbili. Huko Marekani, na baadaye kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, alichunguza jinsi homoni za msongo zinavyoidhuru hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kujifunza na kumbukumbu. Kisha alirudi Mara kuwauliza nyani swali lilelile: nani anaishi na msongo, na kwa nini?

Kulijibu kulihitaji damu. Na damu ya nyani ina tatizo moja kubwa. Mnyama akishtuka, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda mwilini mwake ndani ya dakika chache. Ukimkamata kwa nguvu, unapima hofu ya kukamatwa. Kwa hiyo Sapolsky alijifunza kutumia bomba la kupulizia mshale wenye dawa ya usingizi, na akajiwekea masharti ya kumtesa yeye mwenyewe kuliko nyani. Nyani wote wachomwe saa zilezile za siku, kwa kuwa homoni hupanda na kushuka na jua. Asiwe mgonjwa wala majeruhi. Asiwe amepigana au kupanda jike siku hiyo. Dawa iwe ile isiyovuruga homoni anazotaka kuzipima. Na nyani asimwone anapopuliza, wala wenzake wasielewe kilichotokea.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye ufundi. Nyani ni mwerevu, na akikuona mara moja na bomba mdomoni hatasahau. Mchunguzi anatembea kando ya kundi kama kila siku. Anangoja dume anayemtaka ageuze mgongo, asiwe na mshindani karibu, asiwe ukingoni mwa mto wala juu ya mti. Anaweza kungoja asubuhi nzima na nafasi isije. Ikija, ni pumzi moja. Nyani anashtuka kama aliyeumwa na mdudu, anakaa, anaendelea. Sasa mchunguzi anamfuata kwa mbali mpaka dawa imlevye, akihakikisha haangukii mahali pabaya na hakuna dume mwenzake anayetumia nafasi hiyo kumshambulia. Damu inachukuliwa upesi, kabla mwili haujaitikia. Nyani anapimwa, anawekwa kivulini, anangojewa mpaka azinduke na kurudi kwa wenzake. Kazi ile yote ni kwa ajili ya sirinji ya damu isiyojua kwamba imechukuliwa.

Kutokana na damu hiyo yakatoka mambo ambayo maabara peke yake isingeyatoa. Pale ngazi za ukubwa zilipotulia, madume wa juu walikuwa na kotisoli ndogo wakati wa utulivu. Walio chini waliishi nayo juu muda wote. Ngazi zilipovurugika, wakubwa nao walipoteza amani yao. Lakini cheo hakikueleza kila kitu. Madume walioweza kutofautisha kati ya mshindani anayetishia kweli na mshindani anayesinzia tu chini ya mti walikuwa na homoni chini kuliko wale waliomwona kila aliyekaribia kuwa ni vita. Busara ya woga, kumbe, ni kuchagua. Anayeogopa kila kitu anaumia sawasawa na anayeonewa.

Katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kiliwaua madume wakali wa kundi lake moja, waliokuwa wakienda kugombania mabaki kwenye jalala la watalii. Walibaki majike na madume wapole, na kundi likatulia. Sapolsky aliporudi miaka ya baadaye, madume wale wapole walikuwa wamekwisha, na waliokuwapo walitoka makundi mengine, maana nyani dume huhama akibalehe. Utulivu ulikuwa bado upo. Wageni walikuwa wameufundishwa. Yeye na Lisa Share walilichapisha hilo mwaka 2004, na hakuna njia ya kuliona isipokuwa kurudi mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, ukiwa bado mtu asiyeogopwa.

Mambo haya yanatuhusu. Sapolsky, mwanasayansi mwenzake Bruce McEwen na wengine wameonyesha kwamba msongo wa muda mfupi unaweza kuunoa ubongo ukumbuke vizuri, ila msongo wa miezi unaidhoofisha hipokampasi ileile inayohitajika kujifunzia. Mtoto anayeingia darasani kila asubuhi akisikiliza nyayo za mwalimu kwanza na somo baadaye anakumbuka kwa hakika, na anachokikumbuka ni nyayo. Mwalimu anayetaka kingine kikumbukwe ana la kujifunza kwa mfuatiliaji wa kima: aonekane, atabirike, asishtukize, na ajue kwamba siku moja ya hasira inagharimu majuma.

Ufundi huu una deni lake, na mafundi waaminifu hawalikwepi. Mnyama aliyeacha kumwogopa mtafiti anaweza kuacha kumwogopa mwindaji. Aliyezoea kuwa karibu na watu anaweza kuambukizwa maradhi yao. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe, na wengine walikufa au kulemaa. Ndiyo sababu vikundi vichache tu huzoeshwa, umbali hutunzwa hata pale ambapo mnyama mwenyewe hajali, na mtafiti mwenye mafua hapandi mlima. Kuondoa woga wa kiumbe ni kumnyang'anya ngao. Anayefanya hivyo lazima awe tayari kuwa ngao badala yake, na kwa muda mrefu kuliko mradi wake.

Kwa kipunji deni hilo ni zito kwa sababu wako wachache. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 dunia nzima, katika vikundi 38: karibu wote Rungwe na Kitulo, na 75 tu Ndundulu. Hesabu yenyewe ilikuwa kazi ya kujiondoa, maana kundi linaloshtuka na kutawanyika halihesabiki. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2009 msitu wa Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Bado mitego na moto vinajulikana huku. Mwaka 2005 dume mchanga wa kipunji alikutwa amekufa kwenye mtego shambani Rungwe, na mwili wake ndio uliowaonyesha wanasayansi mwaka 2006 kwamba kima huyu anastahili jenasi yake, Rungwecebus, yenye udugu wa karibu na nyani. Sayansi ilipata sana kutokana na kifo kile. Lakini tulichoona kwa konokono wa Kandel kinasema mtego mmoja unatosha kuvuruga somo la utulivu ambalo kundi zima limefundishwa kwa miaka, na kila anayetega pembezoni mwa msitu ajue kwamba anatega na kazi hiyo pia.

Wilaya yetu inao vijana wanaojua msitu kwa sikio, wanaotofautisha mbega na kima kwa mlio kabla hawajaona mkia. Ujuzi huo ndio uliomfikisha kipunji kwenye vitabu, kwa sababu wawindaji walizungumza na kuna watu waliowasikiliza. Shule zetu ziwafundishe vijana hao kuandika wanachokisikia, saa na umbali na nani alianza, mpaka wafuatiliaji wawe watafiti wenye majina yao juu ya karatasi. Kazi wanayoweza kuifanya ni ya kiwango sawa na ile ya Amboseli na Mara, na uwanja wake uko wilayani kwao.